Klorini ya Thelathini na Sita

Tuliitwa Bukoba mjini, walimu wa kemia kutoka shule za Muleba, tukafundishwe namna ya kufundisha. Mwezeshaji alikuwa kijana mwenye suti na kalamu ya taa nyekundu, ambayo aliielekeza hata madirishani. Alituita "wadau". Asubuhi nzima alitueleza umuhimu wa semina, na karibu na saa sita ndipo akafika kwenye isotopu.

Alisema klorini ina atomi za aina mbili, moja yenye uzito wa 35 na nyingine 37, kwa sababu ya pili ina neutroni mbili zaidi. Hapo hakukosea. Kisha, ili apate uzito wa wastani, akajumlisha, akagawa kwa mbili, akaandika 36 na kuizungushia duara. Chati ya elementi ilibandikwa ukutani nyuma yake, nayo ilisema 35.5. Ukumbi mzima wa walimu wenye digrii na miwani ukanakili 36. Nami nikanakili, kwa mwandiko mzuri.

Aliyesimama alikuwa mwalimu mmoja wa kike kutoka Nshamba, aliyebakiza miaka michache kustaafu.

"Samahani mwalimu, umezihesabu kana kwamba zipo kwa wingi sawa."

"Mama, tuheshimu muda."

Akaenda ubaoni bila kuitwa. "Katika kila atomi mia za klorini," alisema, "kama sabini na tano ni za 35. Za 37 ni ishirini na tano tu. Kila uzito uzidishe kwa wingi wake, ujumlishe, ndipo ugawe kwa mia."

Akaandika 2625, chini yake 925, jumla 3550. Akagawa. Ikatoka 35.5.

Mwezeshaji alitabasamu. "Vizuri sana. Nilikuwa nawapima."

Ukumbi ukampigia makofi mwezeshaji. Jirani yangu, aliyeizungushia 36 duara mbili, alininong'oneza kwamba mtego ule aliugundua tangu mwanzo.

Mchana tulikula ndizi na samaki. Yule mama alikaa peke yake. Sisi tulimzunguka mwezeshaji tukiomba namba yake ya simu. Niliipata. Jioni, baada ya kugawiwa vyeti, nilimsogelea mama nikamwambia amefanya vizuri.

"Kwani ulijua?" aliniuliza.

"Nilijua."

"Basi wewe ni mbaya kuliko yeye."

Alisema hivyo bila hasira, akachukua mkoba wake akaenda kutafuta gari la Muleba.

Mwezeshaji sijawahi kumpigia. Cheti changu mkuu wa shule alikifurahia mno, akakitia kwenye fremu na kukitundika ofisini kwake, wageni wakione.