Mvua Niliyoisingizia

Mwanangu wa pili ana kifafa tangu ana miaka minne. Kiangazi chote hapa Mpanda mjini anakuwa mzima: anaruka kamba, anagoma kusukwa, ananijibu kama mkubwa mwenzangu. Mvua zikikolea, kifafa kinarudi. Ndivyo nilivyomwambia kila mtu, naye akakua anaamini hivyo. Wingu likitanda anakimbilia ndani kukaa sakafuni, asije akaanguka. Mtoto wa miaka tisa, anaiogopa mvua.

Mama mkwe alisema ni mwezi mpevu. Wifi akasema ni majini ya ziwani, kwa kuwa mimi kwetu Ikola. Nikamuuliza, mbona hayo majini hayampati yeye anayemaliza dagaa wetu? Mdomo ninao, sikatai.

Shule zikifungwa Desemba tunahamia shambani Litapunga, na mara nyingi Januari inatukuta huko huko. Januari hii alianguka karibu na mafiga, mkono wa kulia ukaingia kwenye makaa. Nilipiga yowe mpaka sauti ikakauka.

Tuliporudi nikampeleka kliniki. Nesi alikuwa amenipa kalenda tangu kiangazi, niweke alama kila akianguka. Alama zote zilijazana kuanzia Desemba. Nikamuwahi, "Si unaona? Ni mvua."

Hakubisha. Akauliza, "Mkiwa shamba, dawa ya asubuhi anampa nani?"

"Mimi."

"Kila siku?"

Jamani. Ile dawa ilikuwa inamlegeza. Hapa mjini akisinzia namlaza tu. Kule, kutoka kibandani hadi shambani ni mwendo wa saa nzima, mgongoni nina mdogo wake, kichwani mbegu, mkononi jembe. Ningembeba vipi? Nikawa naruka dawa ya asubuhi ili atembee mwenyewe. Mwanzo siku moja moja, baadaye kila siku tukiwa huko, miaka mitatu. Hata baba yake hajui; nesi ndiye wa kwanza kumwambia.

"Mama," nesi akasema polepole, "mficha maradhi..."

"Kilio humuumbua," nikamalizia mwenyewe, nikaanza kulia.

Akaniambia homa za malaria nazo zinachochea, lakini dawa ikirukwa hivyo kifafa lazima kirudi. Kisha akasema lile ambalo mpaka leo linanichoma: "Ungesema tu inamlegeza, daktari angekubadilishia."

Jioni ile wingu likatanda. Mwanangu akaketi sakafuni na bandeji yake. Nikaketi naye, nikamwambia yote.

"Siyo mvua, mwanangu. Ni mimi. Nilikuwa sikupi dawa."



"Kwa hiyo naweza kutoka?"

"Toka."

Akaenda mlangoni. Mvua ilikuwa imeshaanza. Mkono wa bandeji ameukumbatia kifuani, akautoa nje ule mzima, akauacha unyeshewe. Nikamwita kwa jina lake. Hakugeuka.