Mkate wa Bibi Uliotaka Kuilevya Chwaka

Jamani eh, sogeeni huku, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kukatizwa.

Juzi nlikwenda Kendwa kumtazama mtoto wa ndugu yangu, anapika hotelini. Nkamkuta na mgeni mmoja, kazi yake kupika bia. Si ile ya kiwandani. Ya kizamani, ya mtama na tembo la mnazi, kama walivyopika watu wa kale. Mtoto akanijazia bilauri. "Onja, shangazi." Nkamwambia, "Umri huu? Nnusishe tu." Weee! Harufu kuniingia puani, nkaiweka bilauri chini. Palepale nkarudi mtoto, niko Chwaka, jikoni kwa bibi, roho i mkononi.

Bibi alikuwa akipika mkate wa kumimina, mwepesi hata ukiuacha dirishani unaruka na kunguru. Hamira hakuijua. Alfajiri mgema akishuka mnazini, bibi huchukua kikombe cha tembo bichi, tamu kama asali, akalitia kwenye mchele uliosagwa na nazi na iliki, akafunika kawa. Ukitega sikio unausikia unapumua: fuuu, fuuu.

Sasa mwalimu wetu wa chuoni, anayetusomesha Kurani, keshatwambia: tembo haramu, tone moja tu Moto unakungoja, mlango wazi. Na mie, siku ya maulidi kwetu, nakoroga, tone likanirukia mdomoni. Nkalilamba kabla sijafikiri! Utamu, halafu uchachu, halafu kama sisimizi wanakimbizana ulimini.

Basi nkakaa kungoja kulewa. Nkatazama uani, nkaona mbuzi wetu mmoja kawa wawili. Nkalia! Kumbe wawili kweli, mmoja wa jirani. Kwenda chooni nashika ukuta. Upepo ukitikisa mlango, mie nasema ndio hao malaika wa Moto, wamekuja kunichukua.

Maulidi yakaisha, watu mkekani, bibi akamwekea mwalimu sahani ya mkate. Hapo nkapiga hesabu. Nikisema, namwaibisha bibi mbele ya kijiji kizima, bibi huyo aliyenilea. Nikinyamaza, anaungua yeye, anaungua mwalimu, inaungua Chwaka yote na kaa zake pwani. Kipande kishafika mdomoni. Nkapiga ukelele:

"Mwalimu, usile! Mkateni mna tembo! Mtalewa nyote, na bibi atachomwa!"

Bibi kajifunika uso kwa kanga. Mwalimu akatafuna taratibu, akameza.

"Mwanangu, tembo la alfajiri ni maji ya mnazi. Likikaa likawa kali, likalevya, ndilo nnalokukatazeni. Huu mkate haulevyi, naula tangu sijaota ndevu. Bi Mkubwa, niongeze."

Bibi akanivuta kifuani. Alinuka moshi na iliki.

Leo bibi hayupo, mwalimu hayupo, minazi ile imekatwa, pamejengwa nyumba, na mie mwenyewe naumua kwa hamira ya pakti. Mkate unaumuka, lakini haupumui. Ila mwanamke jirani yetu bado namsikia vilevile alivyoruka pale mkekani, mikono kiunoni:

"Haulevyi? Na mume wangu kila akirudi anapepesuka hunambia kala mkate wa Bibi!"