Kijana anataka kumuoa mjukuu wangu, nikapanda gari yake twende na konvoi mchangani

Hapana, sikutapika. Aliyetapika ni Habiba, na alitapika kabla gari haijawashwa.

Na hapana, hakuna mtu alinilazimisha. Nilipanda kwa miguu yangu, nikafunga mshipi, nikasema bismillah, nikashika ile chuma ya juu mpaka mkono ikalala.

Wakuu, assalaam aleikum. Najua hamjauliza bado, lakini mtauliza, na umri wangu hauna nafasi ya kungoja.

Mimi sikusoma. Naongea na simu, simu inaandika. Mahali imekosea, gombaneni na simu. Uongo hamtapata. Hii kitu niliona na macho yangu mbili, na ile moja iko na mtoto wa jicho lakini mambo ya watu inaona vizuri.

Basi sikieni.

Niko na mjukuu, anaitwa Hodan. Ni nesi huko kambi ya Hagadera. Mwaka huu akaja kijana kumuomba, anaitwa Zaki. Watu wao ni watu wazuri, wako na duka ya vitambaa hapa Garissa tangu bwana yangu akiwa hai.

Zaki akija nyumbani anaingia ameinama. Ananiita ayeeyo, yaani nyanya, na sauti ya mtu amemeza asali: "Ayeeyo, umeamkaje? Ayeeyo, magoti bado inauma? Ayeeyo, nimekuletea kitu kidogo tu." Kitu kidogo ni shuka ya kujitanda, rangi ya chungwa, laini ajabu. Nilijitanda hiyo shuka mpaka majirani wakachoka na mimi.

Wazee wakakaa kuongea hiyo maneno. Mmoja anasifu baba yake, mwingine anasifu swala zake. Shemeji yangu, yule hanywi chai mpaka ipoe, akauliza kitu moja tu: "Nani amesafiri na yeye?"

Hakuna hata mmoja.

Sasa wale wa bara niwaeleze. Kwetu ukisema fulani ni mtu mzuri, unaulizwa: umesafiri na yeye? Kama hujasafiri na yeye, humjui, umemwona tu. Mtu akiwa kwa kiti na chai mkononi ni malaika. Mtoe njiani, jua impige, maji ipungue, ndio yule wa ndani anatoka.

Zaki akasikia hiyo habari akafurahi! "Ayeeyo, mbona hamkusema mapema? Jumamosi klabu yetu inaenda mchangani. Kuja na mimi. Hodan akuje, eddo Habiba akuje. Mtaniona njiani vizuri kabisa!"

Habiba ni shangazi yake Hodan. Yeye kazi yake ni kulinda heshima na kulia.

Wazee wakaniambia: "Haye, nenda wewe. Ukirudi na ndiyo, tunafunga nikahi. Ukirudi na hapana, tunanyamaza, hakuna mtu anaaibika."

Niseme ukweli? Hiyo jibu ya ndiyo nilikuwa nayo tayari, nimeifunga ndani ya ile shuka ya chungwa. Nilikuwa naenda kutembea tu.

Jumamosi asubuhi tukafika kwa kituo ya petroli. Magari saba, zote ziko na vitu juu ya kichwa. Beleshi, jerikeni, kamba, mbao za plastiki za kuweka chini ya tairi ikikwama. Ya Zaki ni nyekundu, mpya, na beleshi yake bado imevaa karatasi ya dukani.

Mkubwa wao ametoka Nairobi, wanamuita Kepteni. Ndevu mingi, kaptula kidogo. Anaongea kwa redio na mtu wanakanyagana vidole: "Kepteni kwa Kipanga, unanisoma? Ova." Kipanga amesimama hapo mbele yake anakula mandazi. Na yeye anainua redio: "Nakusoma vizuri, Kepteni. Ova."

Nikauliza Habiba, "Hawa wamegombana?"

Kila mtu iko na jina ya redio. Zaki anaitwa Mfalme wa Jangwa. Nikamwambia, "Warya, jangwa gani? Wewe ulizaliwa hospitali ukaenda nyumbani na teksi." Akacheka. Hapo nikampenda zaidi. Mtu anacheka akitaniwa si mtu mbaya, nilifikiria hivyo.

Sasa angalieni hapa vizuri, sababu kesi yote iko hapa.

Zaki alikuja na magari mbili. Hii nyekundu anaendesha yeye, mimi niko kando yake. Ya pili ni nyeupe, ya zamani, aliitengeneza mwenyewe miaka mingi. Hiyo anaendesha Hodan, na Habiba ndani, sababu hawa wawili hawawezi kupanda gari moja kabla ya nikahi. Hodan anajua gari. Lakini ile nyeupe haina redio, Zaki alikuwa ameitoa akaweka kwa hii mpya.

Kepteni akasema sheria. Akasimama juu ya sanduku ya soda: "Sikilizeni, sheria ya konvoi ni moja! Hauendeshi ukiangalia wa mbele pekee. Unachunga wa nyuma yako! Kama humuoni kwa kioo, simama. Aliye mbele yako hatakuona, atasimama. Konvoi yote itasimama. Hakuna mtu anaachwa!"

Nikasema mashallah, hii ni akili ya ngamia. Ngamia za mzigo tunafunga kamba, kila moja na mkia ya mwenzake. Ya mwisho ikisimama, ya kwanza inajua.

Kepteni akauliza, "Gari ya mwisho itakuwa ile nyeupe. Haina redio. Nani anaichunga?"

Zaki akapiga kifua. "Mimi, Kepteni! Namba sita niko mbele yake. Mimi ndio redio yake. Hodan, usijali, kila dakika naangalia kioo."

Hodan akamwambia, "Sawa. Beleshi moja weka kwetu."

"Ya nini? Mimi si niko?"

Tukaenda. Mbele huko lami ikaisha, tukaingia ile mchanga nyekundu ya juu ya laga, ile mto kavu, milima kwa milima. Wao wanaita dyun. Sisi tunaita mchanga, na tunapita kando.

Kwanza wakashuka wote kutoa upepo ya tairi. Kepteni akaniinamia, akaongea polepole kama mimi ni mtoto wa chekechea: "Mama, tairi ikiwa laini, inakanyaga pana. Haizami."

Nikamwambia, "Haa. Kama mguu ya ngamia."

"Mama! Umejuaje?"

Sasa huyu nimjibu nini?

Mlima ya kwanza Zaki akapanda vizuri, anaangalia kioo. Ya pili, anaangalia kioo. Nyuma naona Hodan anakuja, mikono imetulia, na kando yake mdomo ya Habiba inafunguka na kufunga. Sikusikia kitu lakini najua alisema nini, sababu Habiba kwa gari anajua neno moja, na pole kwake ni bole: "Bole bole! Bole bole!"

Halafu ikakuja ile kadege.

Wakuu, kuna kadege ya kupiga picha, inalia kama mbu amekunywa soda. Inafuata gari ya mbele. Zaki akaiona. Shingo yake ikageuka kabisa, kama kuku ameona mahindi.

"Ayeeyo, shika vizuri."

Akatoka kwa laini. Akapita namba tano. Akapita namba nne. Redio ikaanza kupiga kelele: "Namba sita, rudi kwa laini! Namba sita, nani anachunga nyuma?"

Zaki akanyoosha kidole, akapunguza sauti mpaka ikafa. Akaniangalia na ile asali yake: "Ayeeyo, hii redio inakuumiza kichwa."

Haikuwa inaniumiza kichwa.

Lakini nimewaahidi ukweli, basi nitaumwa na ukweli yangu. Mimi mwenyewe nilikuwa napiga makofi. Gari inaruka, tumbo inabaki juu, mimi nacheka mpaka meno yangu ya kuwekwa inataka kutoka. Nilimwambia, "Pita huyo wa kofia! Huyo wa kofia anaendesha kama amebeba mayai!" Yeye hakuangalia kioo. Na mimi sikugeuza shingo, hata mara moja. Mtoto wa mtoto wangu iko nyuma, na mimi naona kadege tu.

Tukafika juu wa kwanza. Zaki akatoa simu, akajipiga picha na mimi: "Wazito, Mfalme wa Jangwa hapa! Niko na ayeeyo wa bibi yangu mtarajiwa! Familia kwanza!"

Familia kwanza. Nikapunga mkono.

Tukashuka chini kwa migunga, mahali pa kula. Wengine wakakuja mmoja mmoja, vumbi inafunika kila kitu. Moto ikawashwa, nyama ya mbuzi ikachomwa, tukaswali adhuhuri, watu wakakaa, wanasifiana. Saa nzima ikaenda hivyo.

Halafu Kipanga, yule wa mandazi, akauliza, "Wali iko wapi?"

Zaki akasema, "Sufuria ya wali iko kwa gari nyeupe."

"Na gari nyeupe iko wapi?"

Wakuu, mimi nimezika bwana, nimezika watoto wawili. Lakini hapo ndio niligeuza shingo kuangalia nyuma, na nyuma ilikuwa mchanga tu.

Watu wa magari sita walikumbuka wali kabla ya mtu.

Kepteni akasimama, akahesabu. Sita. Zaki na yeye akahesabu. Akarudia tena. Akarudia mara ya tatu, kama gari inaweza kuzaliwa hapo.

"Zaki. Ulisema unaichunga."

"Kepteni, nilifikiria namba tano ako nyuma."

Namba tano ni mwanamke mnene wa benki, hana mchezo: "Ulinipita ukinitupia mchanga kwa mdomo. Sasa mimi ndio niko nyuma yako ama mbele?"

"Hodan anajua kuendesha," Zaki akasema. "Atafika tu."

Jaribu simu, hakuna network. Jua iko katikati ya kichwa. Nikasimama. Nilikuwa naiga watu tangu asubuhi, Kepteni, Kipanga, hata kadege niliiga watu wakacheka. Hapo sikuiga mtu. Nikasema, "Tunarudi saa hii." Wakaacha nyama kwa moto.

Nikakataa gari ya Zaki. Nikapanda na Kepteni. Njia nzima huyo mwanaume hakushika redio, hakusema ova. Aliniambia tu, "Mama, tutawapata. Alama ya tairi iko." Mimi nilikuwa nasoma dua na kuhesabu maji. Walikuwa na chupa mbili. Ama ni moja? Habiba anakunywa kama ng'ombe.

Hapa ndio naweka mafunzo, wakuu, sababu ya mbele haitaki maneno yangu tena. Mtu akikuomba msichana, usiangalie vile anainama kwa mlango. Safiri na yeye. Na ukisafiri na yeye, wewe mzee, usimuangalie yeye pekee. Angalia nyuma. Mimi nilitumwa kama jicho ya familia na nikafunga hiyo jicho kwa raha ya mwendo. Nimewaomba wazee wangu msamaha, na ninyi mnaweza kunichapa hapo chini. Wale mmesafiri na wachumba wa watoto wenu, semeni mliona nini. Wale bado, semeni pia, tuwaonee huruma.

Tukawaona kutoka juu. Gari nyeupe imezama mpaka mlango, katikati ya bonde ya mchanga. Habiba amekaa kwa kivuli ya gari, sufuria kwa mapaja, anakula wali na analia, vyote pamoja.

Hodan alikuwa amepiga magoti kwa tairi ya nyuma. Anachimba na kifuniko ya sufuria. Vidole imekatika, damu na mchanga imeshikana. Alikuwa ameshachimbua tairi mbili, amekata matawi ameweka chini. Bado kidogo angejitoa peke yake.

Nikateremka ile mlima kwa matako, shuka na kila kitu. Nikamshika uso. "Naa Hodan, uko mzima?"

"Niko mzima, ayeeyo. Keti kwa kivuli."

Kepteni akamletea maji, akamwagia mikono. Mama wa benki akavua kofia yake akamvalisha. Kipanga akachukua kifuniko akaanza kuchimba, na huyo ndiye alitaka wali. Kila mtu anauliza: mko sawa? mmeumia? Habiba anaeleza wote mara moja: "Wallahi nilikufa mara tatu! Mara ya bili niliona mama yangu!"

Zaki akafika wa mwisho. Akashuka. Nikasema ndani ya roho yangu: ya Rabbi, mpe huyu kijana neno moja nzuri, moja tu, nimpelekee wazee.

Hakukuja upande wetu. Alizunguka ile gari nyeupe. Akapapasa mlango. Akainama, akalala kwa mchanga na kanzu yake safi, akaangalia chini ya tumbo ya gari. Akainuka, anajipangusa magoti.

"Hodan," akasema, "hamkugonga chini? Bampa ni mpya hiyo."

Kipanga akaacha kuchimba.

Hodan akakausha mikono kwa gauni yake ya dirac, polepole, upande huu na upande ule. Akachukua funguo ya gari mfukoni, akamwekea juu ya boneti.

"Gari ni nzima. Oa hiyo."