Mkono Usiotulia

Baba alipoanza kuona ukungu machoni, alisema bunduki yake ya upepo ataichukua mmoja wetu, mimi au kaka yangu. Ilikuwa ya springi, ya kukunja mtutu kila unapotaka kupiga, na pale kijijini kwetu Ntalikwa ilitusaidia kuwafukuza kindi waliofukua karanga zilizopandwa. Tungeshindana kwa kopo la nyanya juu ya kichuguu, hatua ishirini. Alitupa wiki mbili za kujifunza.

Kaka alikuwa amenipita miaka minne. Yeye ndiye aliyenifundisha baiskeli, na hata kusoma saa. Kwa hiyo alipojitolea kunielekeza sikuona ajabu. Aliniambia niikabe bunduki kwa nguvu, niivutie begani mpaka isitikisike hata kidogo. Kitako chake, ile mbao ya kuegemeza begani, kilikuwa kirefu kwangu, shingo ilinibidi niinyooshe mbele kama bata, na jioni bega liliwaka moto. Nilimwambia. Akajibu kwamba maumivu ni dalili kuwa nimeshika vizuri.

Siku ya shindano nilipiga mara kumi, kopo likaguswa mara moja. Kaka alilipata mara nane. Baba hakunicheka. Alinishika kiganja, akasema kwa upole kwamba mkono wangu hautulii.

Neno hilo nililiamini. Kazi ya kutaka utulivu, kama kuchanja kuku, aliitwa kaka. Nilipopata nafasi ya kusomea uuguzi nilijiuliza nitamchomaje mtu sindano, nikaiacha nafasi ile ipite. Baba alifariki akiniona hivyo.

Mwaka jana kitako cha bunduki kilipasuka. Kaka sasa anaishi Ipuli na ana shughuli nyingi, akaniomba niipeleke kwa fundi seremala wa Cheyo, mzee anayetengeneza vitako tangu ujana wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia niishike apime urefu. Niliikamata nilivyofundishwa. Fundi akaweka chini rula yake.

Alinieleza taratibu kwamba bunduki ya springi hutikisika kabla risasi haijatoka mtutuni. Ukiikaba, kila mara inaruka upande wake. Ilaze tu juu ya kiganja kilicho wazi, shavu liguse mbao kidogo, uiache irudi yenyewe, namna ile ile kila mara.

"Mbona kaka yako anajua?" akauliza. "Nilimwonyesha hapa hapa, siku chache kabla ya lile shindano lenu. Alisema atakwenda kukufundisha na wewe."

Nilisema asante. Kisha nikamwomba akipunguze kitako kwa upana wa vidole vitatu, kikae begani kwangu.

Nyumbani nilipanga kopo hatua ishirini. Niliilaza bunduki kiganjani, nikapiga mara kumi. Kopo lilianguka mara tisa. Sikufurahi. Nilikaa chini shambani nikamlilia baba upya.

Jumapili kaka alikuja kuichukua. Aliiweka begani, kitako kikawa kifupi kwake, kidole gumba kikamgonga pua, akauliza nani aliyepimwa.

"Mimi," nikasema. "Na fundi amenionyesha namna ya kushika."

Alikipapasa kitako. Kisha akasema, "Wewe ungeolewa ukahama. Ingekwenda kwa watu wengine."

"Ungeniambia hivyo. Ningekuachia."

Hakuomba msamaha. Alisema yale yalikuwa mambo ya utoto, ingawa wakati ule yeye alikuwa na miaka ishirini na tatu. Kibali cha bunduki kiko kwa jina lake, kwa hiyo aliifunga kwenye khanga kuukuu akaondoka nayo. Baadaye nilisikia amemrudia fundi, amebandikiwa kipande cha mbao kukirefusha kitako tena.

Tunakutana kanisani. Ananisalimu, naitikia, nauliza hali ya watoto. Mwezi uliopita alinipigia simu kunishauri kuhusu mbegu za alizeti. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, kisha nikaenda kumuuliza jirani.