Torati Niliyomsomea Minza

Nakumbuka Jumapili moja ya msimu wa pamba, pale Mwamapalala, niliposimama mlangoni mwa kanisa nikamfukuza mwanamke kwa kutumia neno la Mungu. Mwanangu, sikusimulii haya kwa sababu yananipendeza. Nakusimulia kwa sababu nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimetoka kusoma chuo cha Biblia kwa miezi michache, nikapewa kazi ya uinjilisti chini ya Mchungaji Maduhu, mzee mpole aliyekuwa na baiskeli moja na makanisa matano ya kuzungukia. Chuoni nilikuwa nimeipenda Torati kuliko kitu kingine chochote. Ilinipendeza kwa kuwa niliiona iko wazi: hiki safi, hiki najisi, huyu aingie, huyu abaki nje. Kijana hupenda mambo yaliyo wazi, hasa yakimpa yeye kazi ya kushika mlango.

Minza alikuwa mke wa Limbu, mkulima mwenzetu. Mwaka uliotangulia alishikwa na uchungu siku tatu nyumbani, mtoto akafia tumboni, na yeye akabaki na jeraha la ndani lililofanya mkojo umtoke saa zote bila kuweza kuuzuia. Siku hizi mnaita fistula, na matangazo yake yamebandikwa ukutani kwenye zahanati. Sisi wakati ule hatukuwa na jina lake. Tulikuwa na pua tu.

Alikaa benchi la mwisho upande wa wanawake, karibu na dirisha, amejifunga khanga mbili juu ya gauni. Wenzake walisogea kidogo kidogo, mpaka benchi lile likabaki lake peke yake. Lakini ibada ikiisha, Limbu alimngoja nje, wakarudi nyumbani pamoja. Hilo ulikumbuke: mume wake alikuwa bado anamngoja.

Basi Mchungaji akasafiri kwenda Nassa kumzika dada yake, akaniachia kanisa kwa wiki mbili. Wazee wawili wa kanisa wakanijia wakilalamika juu ya harufu. Badala ya kuwaaibisha, niliingia ndani nikafungua Torati, nikatafuta, nikapata mafungu yanayosema habari za mtu anayetokwa na kitu mwilini, kwamba ni najisi, na alipokaa pana unajisi. Nilifurahi, mwanangu. Nisikudanganye. Nilifurahi kama mtu aliyekuwa akitafuta ufunguo akaukuta mfukoni mwake.

Jumapili ikafika. Nilimwona Minza akija, nikatoka nikasimama mlangoni.

"Mayu Minza," nikamwambia, nikimwita mama kwa lugha ya kwetu, "leo hutaingia."

"Kwa nini, Mwinjilisti?"

Sikumjibu kwa maneno yangu. Nilimsomea. Nilisoma kwa sauti kubwa ili na waliokuwa ndani wasikie, na kwaya ikanyamaza katikati ya wimbo. Alisikiliza mpaka mwisho, ametulia, kama mtu anayesikiliza mahubiri. Kisha akakaza khanga yake kiunoni, akageuka, akaondoka. Limbu akatoka nje. Akanitazama mimi, akamtazama mke wake anavyokwenda, akasimama pale. Hakumfuata. Nikamwona anarudi ndani na kukaa.

Haikupita wiki, Limbu akamrudisha Minza kwa wazazi wake, kijiji kimoja karibu na Lagangabilili. Watu walipomuuliza, alisema, "Kama hata kanisa limemkataa, mimi ni nani?"

Nilisikia maneno hayo sokoni, na bado sikuelewa nimefanya nini.

Mchungaji Maduhu aliporudi kutoka Nassa aliniita nyumbani kwake mchana. Mkewe, Mama Kabula, akatuandalia ugali wa mtama na kambale wa kukaushwa ambao Mchungaji alikuja nao kutoka ziwani. Nilikula vizuri. Sikuwa nimepata samaki kwa muda mrefu.

"Mtamu?" Mchungaji akauliza.

"Mtamu sana, Mchungaji."

"Umeona magamba yoyote?"

Nikacheka. "Kambale hana magamba."

"Hana," akasema. "Na Torati inasemaje juu ya samaki asiye na magamba?"

Tonge lilikuwa bado mkononi. Nilijua inavyosema. Ni chukizo. Fungu hilo nililisoma chuoni na kulikariri.

"Shamba lako la bondeni umepanda nini?"

"Pamba."

"Na nini tena?"

"Na choroko, Mchungaji. Katikati ya mistari."

"Mbegu mbili katika shamba moja. Na hilo shati lako la tetroni, limefumwa kwa uzi wa aina ngapi?"

Sikuwahi kumsikia mzee yule akipandisha sauti. Siku ile aliipandisha, mpaka kuku wakakimbia uani.

"Sheria inayogusa tumbo lako umeipita. Inayogusa shamba lako umeipita. Inayogusa nguo zako umeipita. Umesimama kwenye moja tu, ile inayomgusa Minza! Na hata hiyo umeivuta. Fungu ulilosoma linataja mkojo?"

"Halitaji."

"Pale inaposema usivune mpaka pembeni mwa shamba, umwachie maskini na mgeni, uliwahi kupasoma mlangoni kwa sauti kubwa?"

Sikuwahi. Lakini nilikuwa na kiburi cha ujana, nikajitetea. "Kwa hiyo Torati haina maana, Mchungaji? Tuitupe?"

Hapo ndipo alipokasirika zaidi.

"Nani amekwambia tuitupe? Ni neno la Mungu! Waisraeli walikuwa watu waliotoka utumwani. Wamepigwa vizazi na vizazi, wamezoea miungu ya Misri, hawajui hata namna ya kuishi kama watu huru. Mungu akawapa sheria kwa upendo, awatenge na mataifa, awafundishe kwamba yeye ni mtakatifu na kwamba dhambi si jambo la mchezo. Kila mnyama aliyechinjwa pale madhabahuni alikuwa akiwaambia: hamwezi kujisafisha wenyewe, ngojeni atakayewasafisha. Mtume anaieleza Torati kama mlezi aliyemshika mtoto mkono akampeleka kwa mwalimu. Mwalimu amekuja, ng'wanawane, mwanangu. Na wewe umekwenda kusimama mlangoni kumzuia mtoto asimfikie."

"Na zile amri?" nikauliza, sasa kwa sauti ndogo. "Usiue, usiibe, usizini?"

"Hizo hakuna aliyezifuta. Yesu alizipeleka ndani zaidi, mpaka moyoni. Akasema zote zinaning'inia kwenye kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Haya niambie: Jumapili ile ulimpenda nani?"

Mama Kabula alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele. Akaweka ungo chini.

"Mwinjilisti," akasema, "yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, akagusa vazi la Yesu katikati ya watu. Kwa Torati, nani angekuwa najisi pale?"

"Yesu," nikajibu. "Kwa kuguswa."

"Na ikawaje?"

"Yule mama akapona."

"Unajisi haukwenda kwake. Usafi ndio ulitoka kwake ukaenda kwa mama. Hilo ndilo jipya alilolileta. Mnalihubiri kila siku, halafu anakuja mwanamke yuleyule, amevaa khanga, mnamfungia."

Mchungaji akamalizia kwa sentensi ambayo mpaka leo inanichoma. Alisema, "Torati yenyewe ilimwekea aliye najisi siku za kungoja, na maji ya kuoga, na sadaka, ili arudi kwa watu wake. Ilimpa njia ya kurudi. Wewe umempa njia ya kutoka tu."

Kesho yake asubuhi nilichukua baiskeli nikaenda kwa wazazi wa Minza. Baba yake hakuwa mkristo. Alikuwa mfugaji, na alishika matambiko ya wazee wake. Alikuwa anawafungulia ng'ombe zizini. Nilimwamkia, "Mwangaluka, bhabha." Akaitikia, kisha akauliza mimi ni nani. Nilipojitambulisha, akaacha alichokuwa akifanya.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Sisi tuna miiko yetu hapa, na ninyi mnatuambia ni ya giza. Sawa. Lakini katika giza letu hakuna aliyemwambia mtoto huyu asiingie ndani. Analala kwenye nyumba ya mama yake."

Nilitamani ardhi inimeze. Mtu asiyefungua Biblia hata siku moja alikuwa amemtendea Minza yale ambayo Biblia yangu iliniagiza.

Minza alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, juu ya mkeka wake, anapukuchua choroko. Hakuinua macho.

"Umekuja kunisomea tena?"

Nilisema sikuja na kitabu. Nikapiga magoti, nikaomba radhi, nikasema nimekosa mbele ya Mungu na mbele yake. Maneno yalikuwa mengi, na yeye akaendelea kupukuchua. Nilipomaliza, akasema:

"Siku ile nilioga mara tatu. Nilichota maji nikiwa wa kwanza kisimani, nikaoga mara tatu, Mwinjilisti. Nilikuwa nakuja kushukuru kwamba mimi sikufa."

Niliinuka, nikaifuata baiskeli.

Mama Kabula ndiye aliyefanya lililo la maana. Huko Nassa, Mchungaji alikuwa amesikia kwa mganga mmoja wa zahanati kwamba Mwanza kuna hospitali inayotibu jeraha lile kwa upasuaji. Mama Kabula akamchukua Minza, akakaa naye huko wodini wiki nyingi, akimfulia na kumpikia. Upasuaji wa kwanza haukufanikiwa. Wa pili ulifanikiwa. Minza alirudi mkavu, mwenye afya, anacheka.

Mimi Mchungaji alinisimamisha mlangoni palepale nilipokuwa nimesoma, nikatubu mbele ya kanisa lote, kisha akaniondoa kwenye kuhubiri kwa mwaka mzima. Nilifagia, nilifungua madirisha, nilipanga mabenchi. Nilistahili zaidi ya hapo.

Lakini usidhani kila kitu kilirudi mahali pake. Limbu alikuwa ameshaoa mwanamke mwingine. Minza alipona akiwa hana nyumba ya kurudi. Baada ya miaka tulikutana kwenye harusi huko Lagangabilili, naye ameolewa na mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye watoto, anasali kanisa jingine. Alinisalimia vizuri, akaniletea chakula kwa mikono yake. Nikamuuliza kama amenisamehe.

"Nilikusamehe zamani, baba," akasema. "Ila Limbu nilikuwa nampenda."

Akaenda kuwahudumia wageni wengine. Mwanangu, hayo ndiyo yaliyonipata, na hayo ndiyo niliyomfanyia mtu.

Sasa nikwambie kwa nini nimeshindwa kunyamaza. Juzi nilikuwa Bariadi kwa binti yangu. Jumapili tukaenda ibadani kwenye kanisa moja la pale mjini. Mvua ilikuwa imenyesha. Mlangoni nikakuta kijana mmoja, kiongozi wa vijana, amemzuia binti mmoja nisiyemjua, aliyebeba mtoto mchanga. Anamwambia siku zake za utakaso hazijatimia, arudi nyumbani. Ana simu mkononi, amefungua Torati, anamwonyesha. Na kichwani amenyoa kiduku, pembeni kote kumeng'aa! Torati ileile ina neno juu ya kunyoa pembe za kichwa, lakini hilo hakuliona, kwa kuwa lilikuwa kichwani kwake mwenyewe.

Watu wazima walikuwa wanapita pembeni yao, wanakung'uta matope, wanaingia. Hakuna aliyesema kitu. Wangapi kati yao walikuwa wamekula kambale wiki ile? Nilimshika binti yule mkono, nikamwambia yule kijana, "Pisha." Akasema, "Mzee, imeandikwa." Nikamwambia, "Najua imeandikwa. Niliisoma kabla hujazaliwa, nikavunja nyumba ya mtu nayo. Pisha." Akapisha. Tulikaa mbele, mimi na binti na mtoto wake, na mtoto akalia mahubiri yote, na ilinipendeza.

Kwa hiyo nisikilize. Isome Torati, usiiogope wala usiidharau, maana Bwana wetu aliisoma na kuitimiza. Ukiisoma, anza kwa kujitazama wewe ndani yake, uone ulivyopungukiwa na unavyohitaji rehema. Kile kilichokuwa kivuli cha msalaba, yaani sadaka, vyakula, siku za kujitenga, mshukuru Mungu kwamba mwenye kivuli amekuja, na usimbebeshe mwenzako tena. Kile kinachokuagiza upendo, ukweli na haki, kishike maisha yako yote. Na ukijikuta unatafuta fungu la kumtoa mtu nje, funga kitabu kwanza, uende nyumbani kwake ukamuulize amelalaje. Kama ulishamtoa mtu, nenda leo. Usingoje mimi nife wala yeye aolewe kwingine.

Mungu wa Ibrahimu, aliyewatoa watumwa Misri na kuwafundisha kutembea, akufundishe na wewe. Akupe kinywa kisichoumiza aliyeumia na mikono inayofungua. Wanyonge wakuone ukija, wafurahi. Uzeeke ukiwa na watu wengi wa kukukumbuka kwa wema, na jina lako lisitajwe kwa machozi katika nyumba yoyote. Amina.