Pijo la Mwinshehe

Hamdani wa Kasingirima alikuwa na gereji isiyo na paa na mdomo usio na adabu. Kibanda changu cha kunyoa kilikuwa pembeni yake, kwa hiyo niliyasikia yote, na vichwa vingine nilivikata vibaya kwa sababu ya kucheka.

Kazi yake ilikuwa kunyoosha magari yaliyogongwa, na miaka ile ya wakimbizi kazi hazikuisha. Watu wanashuka mashuani Kibirizi kutoka Zaire, wengine wanaingia kwa miguu kutoka Burundi, na kila mwenye gari Kigoma kageuka msafirishaji. Maharage, maturubai, dagaa, yote yanapanda makambini upande wa Kasulu. Barabara mbovu, magari mabovu, madereva ndiyo usiseme.

Gari likivutwa pale, Hamdani analizunguka mikono nyuma, kama mtu anayechagua mbuzi. Halafu anatoa kamba ya katani. Mmoja ashike huku, yeye kule, wanapima chesisi toka pembe ya mbele mpaka pembe ya nyuma, upande na upande. Vipimo vikilingana, chesisi imenyooka, gari litapona. Visipolingana, hapambi maneno.

"Mwalimu, hili kafugie kuku."

"Angalia tena, fundi."

"Nimeangalia. Usiweke kuku wengi, halina hewa."

Watu walinuna, lakini walirudi. Hakuwahi kumrudishia mtu gari la kumwua.

Lake mwenyewe lilikuwa Pijo pikapu, kuukuu, alilolifufua kutoka majanini. Alimpa mtoto wake wa pekee, Mwinshehe, abebe dagaa wa Katonga kwenda Kasulu. Kijana mcheshi, nywele ngumu kama brashi ya viatu. Zimenivunjia mashine zile nywele.

Sasa, mwaka ule maji ya breki yaliadimika. Magari ya mashirika yalikuwa mengi kuliko mbuzi, na kikopo kikiingia dukani kinaondoka kabla vumbi halijakigusa. Madereva wetu wakabuni dawa: mawese. Huku ziwani kuna joto, mawese yanabaki majimaji, unakanyaga breki na inashika. Hamdani alikuwa akiwatukana wazi. "Breki siyo mboga," anasema. Wanaitika, wanaenda kumimina.

Siku moja Mwinshehe alilala Kasulu, akaondoka alfajiri kwenye baridi ile ya milimani. Mteremko wa kwanza Pijo halikusimama. Lilikwenda kugonga jabali, na yeye akafa palepale.

Matangani, mama yake, Mwanvua, alikuwa na hadithi moja tu, na kila mgeni aliingia akaikuta. Mwanvua alikuwa akiuza mawese Ujiji, yake yanajulikana.

"Siku ya safari alikuja jikoni," anasema. "Mama, nijazie chupa. Nikamwuliza, kumbe umeoa huko Kasulu hujanambia? Akacheka, yaani akacheka. Nikamjazia yale mazuri."

Alikuwa anaisimulia kwa sababu ya kile kicheko. Wanaume tulikuwa nje kwenye mkeka, Hamdani katikati yetu, tunasikia. Nani angewaza? Mawese ni ya kula.

Pijo likavutwa mpaka gereji. Hamdani akalifunika, akaendelea na magari ya watu kama halipo. Nilijua anachokiogopa. Breki zile alikuwa amezifunga yeye, juma lilelile.

Mwanvua akaja mwenyewe, kanga mbili, hakusalimu.

"Baba Mwinshehe, magari ya watu unayafufua. La mwanao umelifunika turubai kama mkimbizi. Litengeneze nilione linapita. Kama halifai, niambie halifai, nijue moja."

Alipoondoka, Hamdani akaniita. "Kinyozi, njoo ushike kamba."

Tukapima. Vikalingana. Akabadilisha pembe, tukapima tena, vikalingana.

"Limenyooka, mzee," nikasema.

"Naona."

Sikuwahi kumwona fundi aliyechukia habari njema vile. Akafungua boneti. Injini imekaa mahali pake. Kikabaki kikopo cha maji ya breki, kile kinachofungwa kando ya injini. Akazungusha kifuniko taratibu, akachungulia.

Ndani mlikuwa na mafuta mekundu. Akachovya kidole, akanusa, akanipa nami ninuse. Mawese. Kosa halikuwa la mkono wake. Kijana ndiye aliyemimina, baridi ikayagandisha. Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Yeye alikaa chini kwenye vumbi.

"Chupa ya mama yake," akasema.



Akachukua petroli na kitambaa, akaosha kile kikopo mpaka kikang'aa, akachoma kitambaa.

"Hujaona kitu, kinyozi."

"Sijaona, mzee. Lakini gari linatengenezeka."

"Linatengenezeka. Na kila likipita ataniuliza kwa nini siku ile halikusimama. Wewe utamjibu?"

Tulikwenda wote nyumbani. Mwanvua alikuwa akichambua mchele uani.

"Halifai," Hamdani akamwambia.

"Chesisi?"

"Chesisi nzima. Ni mimi tu silitengenezi. Breki nilifunga mimi, paipu sikuikaza."

Mkono wake ukasimama kwenye ungo. "Rudia."

Akarudia, kwa maneno yaleyale.

Hakulia, hakumtukana. Tangu siku ile hakumwita tena Baba Mwinshehe. Alimwita fundi. "Fundi, chakula kipo." "Fundi, kuna mgeni." Miaka na miaka, nyumba moja. Mjini nako habari ikaenea, na nani ampelekee gari mtu aliyemwua mwanaye kwa kutokaza paipu? Pijo akalikatakata, bati lake likawa majiko ya mkaa, akawauzia wakimbizi. Aliacha hata kutania. Nilimchokoza mimi peke yangu, ananitazama tu kama mtu anayesubiri nimalize.

Alikufa kwa homa, wakimbizi wengi wameshaanza kurudi kwao. Eda ilipokwisha nilikwenda kumwamkia Mwanvua. Sasa naye hayupo, na watu bado wanasema Hamdani alimwua mwanaye, ndiyo maana nasimulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa." Akanisogezea kigoda. "Wewe ulikuwepo lilipofunguliwa. Ilikuwa kweli paipu?"

Nilifikiria ile nyumba, wawili wale kila mtu na mlo wake.

"Kweli, mama."

Akaitikia kwa kichwa polepole.

"Basi sikumwonea," akasema, akaniuliza kama nimekula.