Kipimo Kando ya Kaburi

Bibi alikuwa akilala chini tangu mdogo wake afariki upande wa Zambia. Miezi saba, kwenye mkeka na blanketi, katika baridi yetu ya Mbozi. Magoti yalimvimba. Kwetu aliyekosa maziko huendelea na msiba, akilala chini, mpaka atupe konzi ya udongo kaburini, au amtume mtu wa damu yake. Safari hakuiweza tena. Nikabaki mimi.

"Mume wangu," alisema, kama alivyozoea kunitania mimi mjukuu wake, nilipomwambia chuo kinatupeleka Zambia kuona michoro ya kale mapangoni, "pitia Isoka. Nitupie udongo."

"Bibi, udongo utafanya nini?"

"Utaniinua hapa."

Nilikubali kwa ajili ya magoti yake, si kwa ajili ya udongo. Wakati huo kila kitu nilikidai ushahidi: mahubiri, mila, hata maelezo ya wahadhiri.

Tulikaa miambani siku tatu. Mbele ya wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu, mhadhiri alitufundisha kulaza kipimo chenye mistari myeusi na myeupe, kuonyesha kaskazini, kupiga picha, na kutogusa kitu. "Ukihamisha jiwe moja, umefuta ukurasa," alisema. Kati ya yote aliyosema, hilo peke yake sikulibishia.

Wakati wa kurudi nilimwomba tusimame Isoka, nizuru kaburi.

"Kaburi la lini?"

"La mwaka huu."

"Hilo bado bichi," mwenzangu mmoja akadakia kutoka nyuma. "Liache likomae!"

Basi zima likacheka, nami nikacheka. Mhadhiri akanipa nusu saa.

Mtoto wa marehemu, mjomba wangu wa makamo, alinipeleka nyuma ya shamba la mahindi. Alichuchumaa, akapiga makofi taratibu, kama watu wanavyosalimia wakubwa. Mimi nilitoa kipimo, nikakilaza kando ya kaburi, nikapiga picha nne. Udongo sikuugusa. Nilijiambia kwamba picha ni ushahidi bora kuliko konzi. Mjomba aliniangalia tu.

Nyumbani, bibi aliikazia macho picha ya kaburi kwenye simu yangu.

"Umetupa?"

"Nimetupa."

"Ikuze." Nikaikuza. "Mbona udongo umetulia hivi, hata jani halijasogea? Na hii rula?"

"Ni kipimo, bibi."

"Umempima mdogo wangu. Unamshonea gauni?"

Hakuwa anatania. Alijigeuza akatazama ukuta, palepale chini.

Kama udongo si kitu, kwa nini nilidanganya? Nililizungusha swali hilo wiki nzima. Jumamosi nilivuka mpaka pale Tunduma, nikapanda basi la Isoka. Mjomba alinipeleka tena, kisha akanipisha. Nilichuchumaa, nikachota konzi moja, nikaitupa. Sikuona ajabu yoyote. Ila sikuondoka, nikakaa pale chini mpaka mjomba alipokuja kunishika bega.

"Udongo wake ukoje?" bibi aliniuliza niliporudi.

"Mwekundu. Mkavu. Una vijizizi vya nyasi."

Akaninyooshea mikono yote miwili. Nilimshika upande mmoja, mama akamshika upande wa pili, tukampandisha kitandani. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Akaomba tumfunike miguu.